Esaiga ya Osewe

Mama Gesare wa Manga ana sauti isiyohitaji simu. Akiita kuku wake, jirani ng'ambo ya bonde huuliza kama ameitwa yeye. Jina lake la kuzaliwa ni Nyakerario. Ana miaka hamsini na saba, huchuma majani chai tangu umande haujakauka, na Sabato huimba kwaya kwa nguvu zinazowafanya wenzake waonekane wamelala. Mabinti wake wawili walipoolewa, mumewe naye akiwa ameshafariki, nyumba ilimshinda kwa ukimya. Akafunga safari hadi Nyamira mjini, ofisini kwa afisa wa watoto.

"Nimesikia kuna watoto hawana pa kukaa," alisema. "Mimi nina vyumba vinakaa bure."

Makaratasi yalichukua miezi saba. Alipekuliwa, akatembelewa, akaulizwa maswali mpaka akauliza kama anaomba mtoto au anaomba kazi benki. Mwishowe akapewa Osewe.

Osewe alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, mzaliwa wa upande wa ziwani, aliyekulia katika makao ya watoto tangu akiwa na miaka mitatu. Miezi ya kwanza ilikuwa kazi, tusidanganyane. Alificha chapati chini ya mto mpaka siafu wakahamia kitandani. Aliomba ruhusa ya kunywa maji. Huko alikotoka kila jambo lilikuwa na kengele yake, na hapa hakukuwa na kengele, basi alisimama tu mlangoni akingoja kuambiwa. Mama Gesare hajui kubembeleza. Alichojua ni kumpakulia tena kabla hajamaliza, na kumgombeza sawasawa na alivyowagombeza mabinti wake. Naye Madam Benter, afisa mwenyewe, alikuja kila mwezi, akamtafutia basari ya shule na mtu wa kuzungumza naye mambo yaliyokuwa yakimkosesha usingizi. Mwaka wa tatu, Osewe alikuwa akimenya ndizi huku akibishana na mama yake mlezi kuhusu nani kaacha mlango wa zizi wazi. Ilikuwa raha kuwasikia.

Sasa akakaribia miaka kumi na minane. Madam Benter alikuja akaeleza kwamba siku hiyo ikifika, amri ya malezi inakwisha na ofisi haina neno tena. Osewe alikuwa nje akiosha gambuti, dirisha likiwa wazi.

Wiki iliyofuata Mama Gesare alileta nguzo na mabati, akamwita fundi Ochoki apime kiwanja kando ya migomba. Kwa Abagusii, kijana aliyekua halali tena chini ya paa la mamake. Hujengewa kijumba chake bomani, esaiga. Kila mtu Manga anajua hilo, hata mbuzi. Shemeji yake Mama Gesare, mzee Makori, alilijua zaidi ya wote, ndiyo maana alikuja juu.

"Ukimjengea umempa ardhi," alisema. "Mtoto wa watu! Mwache alale sebuleni kama mgeni, akimaliza shule aende."

"Shemeji, mgeni gani wa miaka mitatu?" alijibu. "Nitajenga. Ukitaka kununa, kiti kiko pale."

Makori akaondoka bila kuaga. Mama Gesare, bado damu ikimchemka, akamkuta Osewe akirudi na maji.

"Wewe umeshakuwa mwanaume. Ndani ya nyumba yangu hutalala tena. Mwezi huu uwe umetoa vitu vyako, sawa?"

"Sawa, Mama," alisema Osewe.

Mvulana mwingine yeyote wa kijiji kile angeruka kwa furaha. Huyu akaanza kula kidogo, na kuosha sahani yake mwenyewe haraka haraka. Mama Gesare akadhani ni wasiwasi wa mtihani.

Ijumaa asubuhi alitoka shambani mapema kwa maandalizi ya Sabato, akakuta kitanda kimetandikwa vizuri mno. Gambuti zilipangwa mlangoni. Juu ya meza kulikuwa na karatasi: "Asante kwa yote. Koti ulilonipa nimeliacha, ni lako. Nimefunga zizi." Alisoma mara mbili. Kisha simu ikalia. Alikuwa Madam Benter.

"Mama Gesare, Osewe yuko hapa kwangu. Anauliza kama kuna makao yanayochukua watu wazima. Umemfukuza?"

Alipanda bodaboda na aproni yake ya kuchumia chai, matope hadi magotini. Ofisini alimkuta Osewe kwenye benchi, begi mapajani.

"Nani amekufukuza?" alifoka, machozi yakimtoka. "Nani? Mtaje!"

"Ulisema nitoe vitu," Osewe alisema, akitazama begi. "Na makaratasi yanaisha. Nikajua ile nyumba inayojengwa ni ya mpangaji."

Mama Gesare alifungua mdomo, kwa mara ya kwanza sauti ikagoma. Madam Benter ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Osewe, hata kwetu ziwani ni hivyo hivyo. Kijumba hicho sisi tunakiita simba. Kijana hajengewi ili aende, anajengewa kwa sababu ni wa hapo. Makao hayakukufundisha, na sisi tulisahau kwamba hukufundishwa."

"Ile ni yako, tata," Mama Gesare alisema, akimwita baba kama akina mama wa kwao wanavyowaita wana wao. "Nimegombana na Makori kwa ajili yake. Nisamehe. Nilidhani unajua."

Osewe aliinuka, akampa Mama Gesare lile begi alibebe.

Jumapili kuta zilikuwa zimesimama, Ochoki akipigilia fremu ya mlango, Osewe amejaa udongo hadi kwenye nyusi. Mzee Makori akatokea njiani na fimbo yake. Mama Gesare akaweka chini sufuria, tayari kwa vita. Mzee akazunguka kijumba mara moja, akasimama mbele ya fremu, akaigonga.

"Nani ameweka mlango ukaangalia barabara?" aliuliza kwa hasira. "Huyu ni mpangaji? Geuzeni uangalie kwa mamake."

Ochoki akaanza kulalamika kwamba ni kazi ya siku nzima. Osewe alikuwa ameshachukua nyundo, aking'oa misumari.