Wakamwana Wawili wa Bi Leota

Mgeni akimwona Noreen Veinot amemshika mkono Bi Leota Crowell wakitoka kanisani, alidhani ni mtu na mamaye. Wenyeji walijua. Noreen alikuwa mke wa Garnet, mwana pekee wa Bi Leota, hadi ndoa yao ilipovunjika bila ngumi wala matusi, kama kamba ya kuanikia nguo inavyokatika ikishachakaa. Siku chache baada ya talaka alikwenda kwa mama mkwe kurudisha sufuria aliyoiazima. Alikusudia kuiacha kibarazani na kwenda zake, lakini Bi Leota akafungua mlango.

"Umeachana na Garnet," alisema. "Mimi nimekukosea nini?"

Noreen akamkabidhi sufuria. Akaingia, akanywa chai, na tangu siku hiyo hakuacha kuja. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Akitoka kazini alipitia kwa bibi, akamwingizia kuni, akamwondolea theluji mlangoni. Garnet hakupinga, maana alikuwa mtu wa kupenda mambo yajiendeshe yenyewe. Baadaye akaoa tena, mwanamke wa mjini Halifax aitwaye Shauna, na Noreen akajiwekea utaratibu wa kutokutana naye. Haikuwa kazi ngumu. Gari la Shauna lilikuwa jekundu, lilionekana tangu barabarani. Akiliona uani, alipitiliza.

Kila mwaka baridi ikishakaza, na matufaha ya mwisho ya bondeni yameshaingizwa ghalani, huwa kuna gulio la vitu vya kale katika mabanda ya ng'ombe ya uwanja wa maonyesho. Wawili hao hawakulikosa. Si kwamba walinunua sana. Bibi alikwenda, kwa maneno yake mwenyewe, kuwajulia hali wenzake: taa za mafuta, vinu vya kahawa, mitungi ya kupigia siagi.

Mwaka huo Noreen alipofika kumchukua, gari jekundu lilikuwa uani. Angepitiliza, ila bibi alikuwa dirishani, anampungia mkono.

Jikoni Shauna alikuwa amesimama, glavu zake mkononi.

"Sikujua kama unakuja," alisema.

"Hata mimi sikujua kuhusu wewe," Noreen akajibu.

"Mimi nilijua," alisema Bi Leota, akitafuta mkono wa koti lake. "Gari la nani lina kiti cha kupasha moto?"

Shauna alinyanyua kidole kama mwanafunzi.

"Basi twende na hilo. Lako, Noreen, linanigandisha makalio tangu enzi Garnet ana nywele."

Ndani ya mabanda baridi ilikuwa kali kuliko nje. Wauzaji walikaa wamejifunika mablanketi hadi kidevuni, pumzi zao zikitoka kama moshi wa kuni mbichi. Mzee Eldon Kaulbach, aliyeuza vyombo vya jikoni vya zamani, aliwaona toka mbali.

"Leo umekuja na jeshi, Bi Leota."

"Huyu ni mkamwana wangu wa zamani, na huyu ni mkamwana mpya. Usiwatazame hivyo, hawauzwi."

"Na wewe je?"

"Mimi nichukue bure, ila jua kwamba nakula sana."

Siku nyingine Noreen angecheka. Leo macho yake yalikuwa kwa Shauna. Alimwona Shauna akiokota chombo cha chuma chenye mkono wa kuzungusha na meno matatu mbele, akikigeuzageuza.

"Hiki cha nini?" Shauna aliuliza. "Cha kumtesea mtu mpaka aseme ukweli?"

Bibi alicheka hadi akakohoa. Akamwagiza Mzee Eldon atoe tufaha alilobeba kwa chakula chake cha mchana, akalichomeka kwenye yale meno, akamwambia Shauna azungushe. Ganda likatoka utepe mmoja mrefu, likaanguka juu ya nyasi kavu. Shauna akaguna kwa mshangao kama mtoto, na Bi Leota, bila kufikiri, akamwegemea mkono.

Noreen alisogea kando akajifanya anachagua vifungo. Alijiona mjinga. Mtu wa umri wake kuona wivu kwa sababu ya kiwiko cha bibi kizee! Lakini kiwiko kile alikuwa amekishika yeye katika barafu ya majira mengi, akijua ni wapi pa kukaza na ni wapi pa kulegeza.

Shauna alikinunua kile chombo. Kisha wakakaa karibu na jiko la gesi, juu ya marobota ya nyasi, kila mmoja na kikombe cha maji ya matufaha yaliyochemshwa na mdalasini. Bi Leota alipuliza kikombe chake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nahamia kwa Garnet," akasema. "Kabla ya Krismasi."

Shauna aliangalia viatu vyake. Kumbe alijua.

"Nilitaka kukuambia mahali penye watu," bibi aliendelea, "ili usilie."

"Mimi silii, mama."

"Najua hulii. Ndicho kinachonitia hofu."

Akaeleza. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za kushukia ghala la chini la nyumba yake. Hakuvunjika kitu. Alilala palepale hadi alipochoka kujihurumia, akainuka.

"Hukunipigia simu," Noreen alisema.

"Ungekuja mbio ukaniangukia."

"Ningekuchukua kwangu." Neno hilo Noreen alikuwa amelibeba muda mrefu bila kulitoa, maana yeye ni nani wa kumdai mama wa mtu?

"Ngazi za kwako kama za mnara wa kanisa," bibi alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Na tena Garnet ni mwanangu. Maisha yake yote hajanifanyia jambo kubwa, kwa sababu daima kulikuwa na mtu wa kulifanya. Nilikuwepo mimi, halafu ukaja wewe. Nataka nimpe nafasi kabla sijafa."

Noreen alitaka kukasirika, akatafuta pa kushikia hasira yake asipapate. Lilikuwa jambo la haki. Ila nyumba ya Garnet ilikuwa ndiyo nyumba aliyoingia yeye akiwa bibi harusi, akatoka akiwa na masanduku. Hajakanyaga tena kizingiti chake.

"Utakuja?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama."

Walirudi nyumbani kwa bibi, Noreen akikaa kiti cha nyuma. Hata hivyo siku ya gulio ilikuwa siku ya kuoka pai ya matufaha, na hakuna aliyethubutu kusema isiwe. Noreen alishuka ghalani kuleta matufaha, yale magumu yenye uchachu ambayo baridi huyatia utamu. Akiwa kwenye ngazi alisimama kidogo, akaushika ubao wa ukuta. Zilikuwa ngazi mbaya kweli. Angeziona mapema kama asingezizoea.

Shauna alikifunga chombo chake ukingoni mwa meza akazungusha. Tufaha la kwanza lilimenyeka vizuri, la pili likaruka hadi chini ya kabati.

"Hilo limekukimbia," alisema Bi Leota kutoka kitini. "Limeshaisikia sifa yako ya upishi." Kisha akamgeukia Noreen. "Mwonyeshe kukanda donge la unga. Mikono yangu haifai tena."

Kuna namna ya kumfundisha mtu nusu. Unamwambia kila kitu isipokuwa kimoja, na pai yake haitakuwa kama yako milele, wala hatajua kwa nini. Noreen alilifikiria hilo kwa dhati, mikono yake ikiwa ndani ya unga. Halafu akasema, "Siagi iwe baridi, na maji yawe baridi. Ukiona donge limekuwa laini, ujue umeshaliharibu. Viache vipande vya siagi vionekane, hata ukidhani umekosea."

Shauna alijaribu. Noreen alimshika vidole, akavilegeza. Na bila kuulizwa akaendelea. "Chai yake, maziwa hutangulia. Usimvalishe viatu, mpe kiti tu atavaa mwenyewe. Akikwambia hasikii baridi, anasikia."

"Nipo hapa, jamani," alisema Bi Leota. "Mnanigawa kama mali ya marehemu."

Pai iliungua upande mmoja, kwa kuwa tanuri la bibi lilikuwa na upendeleo. Waliila na vipande vya jibini, ikiwa bado inaunguza ulimi. Noreen alipokuwa akitoka, Shauna alimfuata hadi uani bila koti.

"Jikoni kwetu bado kuna rangi yako ya njano," alisema. "Garnet aliniambia uliichagua wewe. Kama itakuumiza kuiona, nitaibadilisha."

"Ile njano?" Noreen alisema. "Niliichukia toka siku ya pili. Niliona aibu kusema."

Bibi alihama. Jumapili ya kwanza Noreen hakwenda. Iliyofuata alifika hadi kwenye kona, akageuza gari. Alijiambia barabara ina barafu, na kweli ilikuwa nayo.

Alipokwenda hatimaye, alibisha hodi, akasubiri. Shauna alifungua akiwa amebeba taulo, akamkaribisha kwa ishara ya kichwa. Jikoni Garnet alikuwa amekunja mikono ya shati, povu limemfika viwikoni. Mama yake alikuwa ameinamia sinki, na yeye alikuwa akimwosha nywele, polepole, kama mtu anayeosha yai.

"Nani huyo?" Bi Leota aliuliza, uso wake ndani ya sinki. "Afunge mlango."

"Ni Noreen, mama," alisema Garnet. Alimtazama Noreen kidogo, akaona haya, akarudi kwenye kazi yake.

"Sabuni imeniingia machoni, Garnet."

"Vumilia. Nakaribia kumaliza."

Noreen alivua koti, akavuta kiti, akakaa kusubiri.