Nilimsifu Mgonjwa Kama Bibi Harusi

Nimekosa, ndugu zangu, na leo kosa langu nalitapika. Jina sisemi, maana hapa Tanga najulikana: nimeishi Amerika, nina diploma, na nyumba yangu ya bati la rangi ni jasho la ghala la mizigo kule Okolona, Louisville.

Ukoo wetu ukienda kuposa, msemaji ni mimi. Ya aibu nayafunika, ya sifa nayapamba. Sijawahi kurudi na jibu la hapana!

Basi mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa akiishi Buffalo, ana ugonjwa adimu wa mifupa. Shingo imekakamaa, taya halifunguki hata kupitisha kijiko. Ikabidi apasuliwe njia ya hewa, katika hospitali moja ya Columbus. Kiingereza chake ni haba, nikaendesha gari kutoka Louisville kwenda kumsemea kwenye kikao cha madaktari.

Wakataka kumpigia simu mkalimani. Mimi? Na diploma yangu? Nikakataa!

“Kinywa anafungua?” akauliza daktari wa usingizi.

“Kama kiboko,” nikajibu. Na Zuhura yupo pale pale, anahema kupitia meno!

“Amewahi kupata shida akitiwa usingizi?”

Alipata. Buffalo, aking’olewa jino, mpira wa kupumulia ulikataa kupita, nusura afe. Lakini doa kama hilo unalitaja kikaoni? Nikasema, “Kwetu hakuna kasoro. Mpole, na pilau lake halina mfano.”

Zuhura akaninong’oneza, “Kaka, umewaambia ya Buffalo?”

“Nimewaambia mazuri tu.”

“Mazuri? Kwani nimekuja kuolewa?”

Akanitandika muundini kwa fimbo yake ya kutembelea, akajishika koo, akawapigia kelele: “Buffalo! Slipu! Bluu!” Yaani kule Buffalo alitiwa usingizi, akageuka bluu kwa kukosa hewa.

Kalamu zikasimama. Mkalimani akapigiwa, Mkongomani wa kuchanganya Kifaransa: “Bon, mama, sema yote. Donc ule kaka anyamaze kwanza.”

Wakabadili mpango mzima. Mpira ulipitishwa puani kwa kamera, Zuhura akiwa macho. Bila fimbo ile wangemtia usingizi kwanza, nami leo ningekuwa nimemleta nyumbani kwenye sanduku. Ee Mola!

Alipopona, jambo la kwanza alituma ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima, akawasimulia yote. Posa iliyofuata, nilipokwisha kurudi Tanga, walienda wote, mimi nikawekwa mlangoni kulinda viatu. Viatu! Mwenye diploma!

Wenzangu, mgonjwa hapambwi. Mbele ya daktari toeni kasoro zote, na mkalimani akiitwa, mwacheni aseme. Sifa zisubiri, akipona, mwimbieni mwenyewe azisikie.