Jerusha Haapi

Ukikaa na Jerusha siku moja utadhani ni mtu mpole. Mimi nimemjua tangu tukiwa dawati moja kule Migori, na ninakwambia hakuna kichwa kigumu kama kile kuanzia Migori hadi Riyadh. Ana sauti ndogo, anatembea kama anayeiomba sakafu ruhusa, lakini akishasema jambo, limesemwa. Mimi ni Roselyne, muuguzi wa mkataba hapa Jeddah, na hasira zangu ziko karibu. Yeye anafanya kazi ya nyumbani Al-Naseem, Riyadh, huu ni mwaka wake wa tatu. Kati yetu kuna karibu kilomita elfu moja na simu ya kila Ijumaa.

Mwezi wa pili mwaka huu kile kichwa kigumu nusura kimfukuzishe kwa aibu. Naeleza sasa kwa sababu sasa naweza kucheka. Wakati ule nilikuwa nalia chooni kazini.

Kazi yake kubwa pale nyumbani ni Sitti, maana yake bibi, mama mzazi wa bosi. Sitti ni mzaliwa wa Balad, ile Jeddah ya zamani, ana miaka themanini na mmoja, ana kisukari, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Asubuhi anamwita Jerusha binti yangu, jioni anamwuliza ametumwa na nani. Jerusha anampima sukari, anamdunga insulini, anamsuka nywele, na kwa Kiarabu chake cha jikoni wanagombana kila siku juu ya chai isiyo na sukari. Wanapendana wale wawili. Sitti akikataa kula kwa watu wote, kwa Jerusha atakula.

Basi Jumatatu moja Sitti hakuamka sawasawa. Macho mazito, mdomo mkavu, na kipimo cha sukari kikashindwa kutoa namba kwa jinsi ilivyokuwa juu. Akakimbizwa hospitali, akalazwa siku nne. Siku ileile, bibi wa nyumba, Madam Ibtisam, alipogeuza godoro la mama mkwe wake akakuta boksi tupu la labania, zile halua za maziwa wanazozipenda watu wa Jeddah. Kilo nzima. Mtu alikuwa amempa, maana Sitti hatoki peke yake hata hadi mlangoni. Alipoulizwa alisema amezirithi kwa marehemu baba yake.

Madam si mtu mbaya, niseme mapema. Ni mwalimu, ana taratibu zake, na wiki ile alikuwa amevimba macho kwa kulia. Aliwaita wote sebuleni baada ya sala ya adhuhuri: mumewe, wanawe wawili wakubwa, Bonface dereva wao kutoka Kisii, na Jerusha. Akasema hataki kelele wala upelelezi. Kila mmoja aape kwa Mungu kwamba si yeye, naye ataamini, na halas, yaishe.

Mumewe, ambaye wafanyakazi humwita Baba Muhannad, ndiye aliyeanza. Wallahi si yeye. Vijana wakafuata. Bonface, Msabato mwoga kuliko sungura, aliapa mara tatu kabla hajaulizwa mara ya pili. Kisha macho yote yakamgeukia Jerusha.

"Sikumpa, madam," alisema. "Lakini mimi siapi."

Madam alidhani ni habari ya dini, akamwambia hamlazimishi kuapa Kiislamu. Aape kwa Isa, aape kwa Mariamu, aape kwa namna ya kwao. Jerusha akajibu kwamba namna ya kwao ndiyo hiyo, hawaapi. Akarudia kuwa hakumpa. Madam akamwambia aende jikoni.

Ujue, katika nyumba ile, na karibu kila nyumba ya hapa, kiapo ndicho kinachomaliza ugomvi. Mtu akishaapa humwulizi tena, umemwachia Mungu. Anayekataa kuapa anaonekana anamwogopa Mungu kwa sababu ana jambo. Mimi mwenyewe ningewaza hivyo. Kesho yake ikaamuliwa. Madam alitaka polisi, kwa kuwa mzee wa watu alikaribia kufa. Baba Muhannad akakataa katakata, akasema inatosha arudishwe kwao. Sitti angepelekwa Jeddah kwa dada yake akapate nafuu, Jerusha aende naye kumhudumia safarini, kisha apande ndege ya Nairobi hapohapo. Tulimsifu sana Baba Muhannad kwa huruma yake, Jerusha na mimi.

Lakini kurudi namna hiyo si kurudi. Wakala aliyemleta alishaandikiwa sababu, na wakala huyo ana watu Migori. Habari ingefika kabla ya ndege: binti wa kwa fulani alimlisha bibi wa watu sukari mpaka akapoteza fahamu, na alipoambiwa akane kwa kiapo, akashindwa. Hakuna nyumba ingemchukua tena, huku wala kule. Na kule kuna bibi yake aliyemlea, ambaye sisi Wajaluo tunamwita dani. Ndiye Jerusha alikuwa anamwogopa. Hakuogopa kwamba Dani hatamwamini. Aliogopa kwamba ataamini, halafu awe anagombana na soko zima mpaka afe.

Nikampigia simu nikiwa nimepandwa na mori.

"Jerusha, apa tu yaishe. Ni neno moja. Mungu si anajua hukufanya?"

"Kama anajua," akasema, "kiapo ni cha nini?"

Nilitaka kuitupa simu. Ndipo akanianzia habari za Ulaya ya karne ya kumi na sita, kama vile mimi ndiye niliyekuwepo nikakosa kuchukua hatua.

Jerusha ni wa Kanisa la Mennonite. Dani wake alizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, ambako wamisionari wa kanisa hilo walifika kabla ya vita vikuu vya pili, na kutoka kwao alizibeba hadithi ambazo wajukuu walilishwa pamoja na kuon, ugali wetu. Zamani zile Ulaya ilikuwa inapasuka. Kuna walioshika upande wa Roma na kuna waliojitenga, na kila mfalme na kila mji ulikuwa unachagua mahali pa kusimama. Katikati yao wakatokea watu waliosema mtoto mchanga hawezi kuamua kuwa Mkristo, kwa hiyo mtu abatizwe akiwa na akili zake. Wakasema pia hawatashika upanga. Na wakasema hawataapa, kwa sababu Yesu alikataza.

Hilo la mwisho, alieleza Jerusha, ndilo lililowaudhi wenye miji. Kulikuwa na miji ambayo kila mwaka raia walikusanyika uwanjani, wakainua mikono na kuapa kuutii mji na kuulinda. Kiapo ndicho kilichokuwa ukuta wao. Asiyeapa alionekana adui aliye ndani. Wakafukuzwa, wakafungwa, wakauawa, na pande zote mbili ziliwaua. Zurich, mji wa waliojitenga na Roma, ulimfunga mmoja wao mikono kwenye magoti ukamtosa mtoni. Uholanzi, chini ya watu wa Roma, mwingine alitoroka gerezani akavuka maji yaliyoganda. Aliyekuwa anamfukuza akatumbukia, na mtoro akarudi kumvuta. Akakamatwa kwa kurudi huko, akachomwa moto. Dani, ambaye barafu anayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki, husimulia hadithi hiyo akitetemeka kwa baridi.

Nilimwambia mimi ni Mwanglikana. Kanisa langu liliachana na Roma kwa sababu mfalme alitaka kumwacha mkewe, kwa hiyo sisi hatuna makuu. Tena baba yangu ni msomaji wa kanisa, na alitufundisha vile vifungu thelathini na tisa vya imani vilivyopitishwa Uingereza karne hiyohiyo. Kifungu cha mwisho kabisa kinasema Mkristo anaweza kuapa akitakiwa na mwenye mamlaka, mradi aseme kweli. Nikamwuliza kama madam si mwenye mamlaka.

"Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili yetu," akasema Jerusha. "Kutupinga. Na Uingereza nako tulichomwa."

Hivyo ndivyo wanawake wawili wa Migori walivyogombana usiku kucha, mmoja Jeddah na mmoja Riyadh, juu ya ugomvi wa Wazungu waliokufa miaka mia nne na zaidi iliyopita. Nikamwita mjinga. Akaniambia nilale, nina zamu asubuhi.

Siku ya kumi wakafika Jeddah, na ndege yake ilikuwa kesho yake. Sitti akang'ang'ania kuiona Balad. Daktari alikuwa ameagiza asitembezwe bila mhudumu wa afya wa kuangalia hali yake, ndipo Jerusha akamwambia bosi kwamba ana rafiki yake muuguzi. Madam alibaki kwa wenyeji. Wakanichukua mtaa wa Kandara, hukuhuku Jeddah, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, ambako nilikuwa nimeenda kumnunulia Jerusha begi la kusafiria. Nikapanda nyuma pamoja naye, begi magotini, nimenuna. Nilikuwa nimejipangia maneno ya Kiarabu ya kumpasha huyo kafili, mwajiri wake, na Kiarabu changu cha miaka sita kinatosha kumpasha mtu.

Gari, Baba Muhannad mwenyewe akiliendesha, lilikuwa linajikokota kando ya zile nyumba za mawe ya matumbawe. Sitti, kiti cha mbele, alikuwa anataja wenye nyumba mmoja mmoja, wote marehemu, na mara mbili alimwita mwanawe kwa jina la mumewe. Kisha akagonga kioo kwa pete yake.

"Simama hapa. Duka ndilo hili. Zile ulizoniletea zimekwisha."

Duka lilikuwa la halua.   Ingekuwa rahisi kabisa kwake: mama, unachanganya mambo. Sote tungekubali, hata Jerusha, maana mzee wa kurithi labania kwa marehemu baba yake si shahidi. Nikamtazama Baba Muhannad kwenye kioo cha dereva, na nikaona uso wa mtu aliyechoka.

Akaegesha gari. Mikono ikabaki kwenye usukani.

"Jerusha, ni mimi," akasema bila kugeuka. "Alinililia siku tatu, nikamletea kutoka safari. Nilidhani atakula moja." Akaendelea: "Niliapa kwa Mungu mbele ya wanangu, na ilikuwa uongo. Wewe ulikuwa na ukweli, na hukuthubutu kuapa. Tangu siku ile sina raha."

Maneno yangu yote ya Kiarabu yakayeyuka. Jerusha akainama juu ya begi jipya akalia, kilio kile cha kutua mzigo, mabega yakishuka yenyewe, na mimi nikalia naye huku nikimpiga ngumi za mgongoni kwa hasira na furaha. Furaha ile sijawahi kuionja hata siku niliyopata leseni ya uuguzi. Sitti akageuka kuuliza nani amekufa. Alipoambiwa hakuna, akasema basi watu waende wakamnunulie halua.

Baba Muhannad akampigia mkewe papo hapo, simu ikiwa wazi tusikie wote. Akamwambia yote bila kupamba.  Kisha Madam akamwuliza kama Jerusha yupo.

"Jerusha, nisamehe," akasema. "Lakini kwa nini hukuapa tu? Ningekuamini."

"Hata Baba aliapa, madam," Jerusha akajibu polepole. Hakuwa na kisasi ndani yake, na ndiyo sababu iliuma.

Nililitafakari jibu hilo. Kama angenisikiliza mimi, wangekuwa watu watano wameapa, mmoja kwa uongo, na nyumba nzima ingemtafuta wa kumshuku, na ingempata nani kama si mgeni wa jikoni? Baadaye nilimpigia baba yangu. Akasema kile kifungu hakijafutwa. Baba yangu naye ana kichwa chake.

Madam akasema tiketi itafutwa, wakala ataandikiwa ukweli wote kwa mkono wake mwenyewe, na wanawe watasikia kutoka kinywani mwa baba yao. Kisha wakamwuliza Jerusha anataka nini: kwenda au kubaki. Akaniuliza kwa Kijaluo. Nikamwambia aende zake, awaachie labania zao. Akafuta macho kwa kilemba, akasema kwa Kiarabu kwamba atabaki mpaka sukari ya Sitti itulie, halafu anataka likizo ya kwenda kumwona Dani wake.

"Wallahi, mwezi wa saba nita..." Baba Muhannad akaanza, kwa mazoea. Akakoma. Kwenye kioo macho yake yakakutana na ya Jerusha.

"Mwezi wa saba utaenda," akasema.

Na mwezi wa saba akaenda.