Washenga wa Bastola

Mimi na bunduki hatupatani tangu zamani. Kwetu Tanga baba alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani, na siku alipolifyatua lilimwangusha yeye chali, nguruwe akaondoka zake kwa mwendo wa mtu atokaye sokoni. Kwa hiyo mume wangu alipoleta bastola ya hewa kwenye nyumba yetu ya Acocks Green, nilimwambia achague kulala chumba kimoja na mimi au nayo. Akaitia kwenye boksi la viatu, akaipandisha juu ya kabati la nguo, akaja kulala. Naamini alidhani tumeafikiana.

Mume wangu ni Mtaita, na ujanani alikuwa askari wa wanyamapori kule Tsavo. Birmingham ilimpa kazi ya kupanga maboksi ya sabuni kwenye ghala moja la Great Barr. Siku za wiki alirudi kimya, akala kimya, akasinzia mbele ya taarifa ya habari. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alipiga pasi shati, akachukua boksi lake la viatu, akapanda basi hadi Digbeth, ambako chini ya ghala moja kuukuu palikuwa na kilabu cha kulenga shabaha. Walilenga karatasi. Karatasi hazikuwa zimewakosea lolote, lakini ndiyo raha yao.

Mwenyekiti wa kilabu alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, fundi magari mstaafu, ambaye Kiswahili chake kilinizidi kwa upande wa matusi. Wengine walikuwa Waingereza wa makamo wasiosema sana. Na alikuwepo shemasi mmoja Mkongo, aliyekimbia Bukavu kwa sababu ya bunduki na hakuwahi kugusa hata moja ya zile za kilabuni. Yeye alikuja kwa ajili ya chai na ubishi.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Serikali ikatangaza kwamba inakusudia kupiga marufuku bastola za aina ile ya mume wangu, zile ambazo kila ganda la risasi hujazwa hewa yake lenyewe. Wahalifu walikuwa wakizitoboa na kuzigeuza zipige risasi za kweli. Habari ilisomwa kwenye televisheni sisi tukiwa mezani. Mume wangu aliweka tonge chini. Mimi nilifurahi waziwazi, na kesho yake nikapika pilau.

“Mum, that’s just mean,” akasema binti yetu, huku akijipakulia sahani ya pili.

Wiki ile ile watu wa kilabu wakaja sebuleni kwangu kufanya mkutano, kwa sababu kilabuni kulikuwa na baridi na kwangu kulikuwa na sambusa. Mwenyekiti alisema amekwisha kumwandikia mbunge, na mbunge amejibu kwa adabu kwamba amesikia.

“Amesikia, my foot,” akasema. “Barua inasomwa na katibu, bwana. Lazima tu-appear sisi wenyewe. Jumamosi anapokea watu pale library.”

Hapo ndipo mume wangu, ambaye mikutanoni huwa kama kiti, akafungua mdomo. Alisema mkubwa haendewi kavukavu. Hata ng’ombe wa jirani haombwi kwa kuropoka mlangoni. Unatuma watu wazima wenye maneno, wanabisha hodi kwa heshima, wanajulishana, wanazunguka, na mwenye haja yake anakaa mbali asionekane na njaa. Alinipata mimi kwa njia hiyo, akasema, na baba yangu hakuwa mtu mwepesi.

Hilo lilikuwa kweli. Washenga wake walikaa barazani kwetu kutwa nzima wakizungumzia mvua kabla ya kutaja kwamba wameona ua.

Wote wakaona ni busara kubwa. Shida ikawa nani awe msemaji. Mwenyekiti alikuwa na hasira, na mshenga mwenye hasira huvunja posa. Macho yakamgeukia shemasi.

“Mimi?” akasema shemasi kwa Kiswahili cha kwao. “Bunduki njo zilinitosha kwetu. Sizipendi hata kidogo.”

“Ndiyo maana,” akasema mwenyekiti. “Mshenga hajiombei mwenyewe.”

Shemasi alifikiri, akanywa chai, akakubali. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kifaransa chake kikubwa, hivyo wakahitaji mkalimani. Mimi nilikuwa mpokea wageni kwenye kliniki ya meno na nilizoea kutuliza watu kwa Kiingereza. Sikuombwa. Nilitajwa tu, kama anavyotajwa mwenye sufuria kubwa siku ya harusi. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuwaona wakishindwa.

Jumamosi tukafika maktabani tumependeza. Shemasi alivaa suti ya Pasaka, mwenyekiti kilemba kipya. Mume wangu, kwa kuwa ndiye tuliyekuwa tukimposea, aliachwa kwenye ukumbi wa vitabu vya watoto, amekaa juu ya kiti kidogo, magoti yakimgusa kidevu. Mimi nilibeba sambusa. Shemasi alibeba zawadi ya mke wa mbunge, imefungwa kwa magazeti na kamba.

Kwenye mlango wa chumba cha nyuma palibandikwa tangazo kwamba kila mwananchi ana dakika kumi. Nilimsomea shemasi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema huyo mbunge lazima hana watu wa kumshauri.

Mbunge alikuwa mtu mchangamfu mwenye tai iliyopinda. Pembeni aliketi katibu wake, mwanamke mwenye kalamu. Shemasi alisimama, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Akauliza hali ya mbunge, ya mkewe, ya watoto. Mbunge akajibu wote wazima, ahsante. Akauliza hali ya wazazi wake. Mbunge akasema baba alifariki. Shemasi akatuomba tusimame, tukampa pole ya dakika nzima, na naona ilimgusa, maana alitoa leso. Kisha shemasi akamjulisha mwenyekiti, na mji wake, na reli iliyomleta babu yake. Akajijulisha mwenyewe, akaanzia ng’ambo ya Ziwa Kivu, kwenye mtumbwi uliomvusha.

Mbunge alikuwa akila sambusa ya tatu. “Ni suala la uhamiaji?” akaniuliza.

Nikamtafsiria shemasi. “Mwambie tutafika,” akasema. “Politesse, adabu kwanza, mama. Tuko bado kwa mtumbwi.”

Katibu akaonyesha saa. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho kwa kuridhika na ufasaha. Mimi nilitazama ule mtumbwi ukielea katikati ya ziwa, nikawaza mume wangu yuko nje amekunjwa kwenye kiti cha mtoto, na uvumilivu ukaniisha. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kliniki: “Mheshimiwa, hawa wana bastola na hawataki uzichukue.”

Kalamu ya katibu ikasimama.

“Hapa?” akauliza mbunge.

“Hapana, nyumbani. Hapa wameleta sambusa.”

Lakini macho yao yalikuwa juu ya kile kifurushi cha magazeti. Shemasi, alipoona kinatazamwa, alidhani wakati wa zawadi umewadia. Akaanza kufungua kamba. Alifungua polepole, kwa heshima, fundo baada ya fundo, huku katibu akirudi nyuma na kiti chake hadi ukutani. Kilipotoka kitenge cha manjano chenye picha za kuku, yule mwanamke alicheka mpaka akajifuta machozi, na mbunge akapata rangi yake tena. Akaeleza kwamba hawezi kupokea zawadi. Shemasi akaninong’oneza kwamba basi posa imekataliwa.

Mwenyekiti ndipo akaeleza yote kwa Kiingereza, wazi na kwa ufupi, jambo ambalo angeweza kulifanya tangu mwanzo. Mbunge akasema kweli: pendekezo litapita, na yeye mwenyewe ataliunga mkono. Ila wenye nazo tayari wataruhusiwa kuomba kibali cha polisi wabaki nazo. Kisha akauliza mwenye hiyo bastola tuliyoijia ni nani.

“Yuko nje,” nikasema. “Kwa desturi hahudhurii.”

“Mwiteni.”

Mume wangu akaingia akinyoosha magoti. Mbunge akamuuliza, bila ubaya, anaihitaji ya nini. Nikajiandaa kutafsiri, lakini alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

“Bwana, kazini kwangu kuna watu hawajui jina langu. Wananiita Njia ya Saba, maana ndiko ninakopanga maboksi. Jumamosi kuna watu huniuliza, mkono niuweke vipi? Pumzi niishike wapi? Nami nawaonyesha.”

Miaka yote ile nilidhani anakwenda Digbeth kupiga shabaha. Alikuwa anakwenda kuulizwa. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia, kwa sababu nilikuwa nalala ubavuni mwake na ilibidi niyasikie hayo maktabani, mbele ya mbunge mwenye makombo kwenye tai.

Sheria ikapita kama tulivyoambiwa. Wengi kilabuni walisalimisha bastola zao, na mwenyekiti aliisalimisha yake pamoja na matusi ya Kisumu ambayo polisi, kwa bahati nzuri, hawakuyaelewa. Mume wangu aliomba kibali. Alinunua kabati la chuma, akalifunga ukutani kwa boliti, na boksi la viatu likapata viatu.

Kabla ya kibali kutolewa, polisi mmoja alikuja nyumbani kukagua. Alivuta mlango wa kabati, akaridhika, kisha akaomba kuzungumza na mimi peke yangu jikoni. Akafunga mlango. Akasema ni kawaida kumuuliza mke, na kwamba nikisema sitaki, maneno yangu yatapewa uzito, wala mume wangu hataambiwa. Ndani ya nyumba yangu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na jibu nilikuwa nalo tayari tangu siku kile kitu kilipovuka kizingiti.

“Je, mama, kuna jambo lolote unaloogopa?”

Upande wa pili wa mlango nilimsikia mume wangu akikohoa kidogo, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari.

“Naogopa akikaa nyumbani Jumamosi,” nikasema.

Polisi akacheka, akasema hata mkewe husema hivyo hivyo, akaandika kitu na kufunga kalamu. Mimi sikuwa natania.