Mstari wa Tisa wa Bi Kama

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la wafanyakazi. Sisi wote pale idara ya maji tulimwita Bi Kama, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo. Kama bomba limepasuka barabarani, fundi aende sasa hivi. Kama ni koki inadondosha matone, mwenyewe asubiri wiki. Kama umekuja kunisalimia, kaa. Kama umekuja kuazima kalamu, ile ya kwanza hujairudisha.

Miaka thelathini na mmoja alikaa meza ya simu. Watu walipiga kulalamika, naye aliamua nani afikiwe leo na nani asubiri. Mafundi walikuwa sita, gari moja, tena mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba, kwa hiyo kuamua hakukuwa mchezo. Maamuzi yake yote aliyachora kwa rula na penseli nyuma ya kalenda kuukuu: kushoto maswali, kulia jibu, mstari baada ya mstari. Kalenda ilipofifia ukutani alichora nyingine.

Mimi nilikuja na kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuzihamisha kalenda zake ziingie kwenye programu ya kuchora majedwali ya maamuzi, ili yeyote atakayeshika simu aingize majibu ya mpigaji na mashine imwambie fundi aende lini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Nilidhani mama wa watu atanipa tabu. Wapi! Wiki ya pili tu alikuwa anaongeza mistari, anagawa safu, anafuta na kurudisha, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

Jambo moja tu lilimkera: kistari kifupi kilichowekwa mahali pa jibu.

“Mwanangu, hiki kidashi nacho ni cha nini?”

“Maana yake vyovyote, mama. Ukikiweka, swali hilo halitazamwi kabisa.”

“Basi wangeandika ‘vyovyote’. Mimi kidashi hiki sikiamini. Kinameza watu.”

Nilicheka sana. Bi Kama alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, na nikikumbuka chumba kile moyo unanilegea. Dirisha halikufunga. Feni ililia kila ilipogeukia upande wake, naye akiiambia inyamaze watu wanafanya kazi. Chupa ya chai tuliinywa sote wawili, na sukari alinipimia yeye hadi siku anastaafu, kana kwamba sina mikono. Nimefanya kazi ofisi tatu baada ya pale, zote zina viyoyozi, na hakuna hata moja ninayoitamani vile.

Jedwali letu lilisomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza uliolingana na hali ya mpigaji ndio ulioshika, na ya chini yake haikusomwa tena. Maswali yalikuwa matatu: maji yanavuja kiasi gani, mpigaji anaishi na nani, na amesemaje. Mwisho, jibu. Mstari wa kumi ulikuwa wa kawaida kabisa: yanavuja kidogo, kidashi, kidashi, ndani ya siku saba. Lakini juu yake aliuweka wa tisa, na huo ndio uliokuwa roho yake. Yanavuja kidogo. Anaishi peke yake. Amesema “si haraka, msijisumbue”. Jibu: leo.

Mafundi walimtania. Mmoja tuliyemwita Spana, mrefu, mwenye mdomo usiojua kupumzika, alikuja mezani na karatasi yake mkononi.

“Bi Kama, mtu mwenyewe kasema si haraka, wewe unatukimbiza? Haraka haraka haina baraka, hujasikia?”

“Baraka utaikuta hukohuko. Nenda.”

Mimi nilimuuliza kwa adabu, akanieleza. Zamani, yeye bado mgeni kazini, mzee mmoja alipiga simu: koki ya jikoni inavuja kidogo, si haraka, msijisumbue. Akamwandikia siku saba. Siku ya saba fundi alimkuta mzee sakafuni. Alikuwa ameteleza kwenye maji siku mbili nyuma na hapakuwa na mtu wa kumwinua. Alipona, lakini hakutembea tena vizuri.

“Mwenye watu nyumbani hupiga kelele, maana na yeye anapigiwa kelele mgongoni,” aliniambia. “Asiye na mtu huomba radhi hata kwa kupiga simu. Usimsikilize anachosema. Msikilize anavyosema.”

Siku ya kuaga alitoa kalenda zote ukutani, akazikunja. “Hizi tupeni tu. Ila mstari wa tisa, mwanangu, usije ukaufuta.” Nikaapa.

Na sikuufuta. Mimi ni mtu wa kupanga. Hata vijiko vyangu nyumbani vinalala upande mmoja. Mkuu wetu alilalamika kwamba jedwali halisomeki, matatizo ya kila siku yamechanganyika na yale ya nadra. Nikasema hilo dogo. Nikakaa asubuhi moja, nikaiburuta mistari ya kila siku ikapanda juu, ile ya nadra ikashuka chini. Wa tisa ukawa wa ishirini na mbili. Programu ikakagua, ikanipa alama ya kijani. Nilijisifu, tena kwa sauti.

Miezi minne baadaye napitia orodha ya wanaosubiri, nakuta anwani ninayoijua. Koki ya jikoni. Anaishi peke yake. Amesema si haraka, msijisumbue. Ndani ya siku saba. Ilikuwa siku ya sita.

Nilifungua jedwali nikaona nilichofanya. Mstari wa kawaida, wenye vidashi vyake viwili, ulikuwa juu unamkamata kila mtu, na ule wa Bi Kama ulikuwa chini kabisa, mzima, hauna kosa hata la herufi, na haujasomwa na mashine tangu siku niliyoushusha. Nilihesabu waliopita hapo kabla yake: watu kumi na mmoja. Niliwapigia wote palepale, mmoja mmoja. Wote walikuwa salama, na wote waliniambia ilikuwa si kitu. Kisha nikamvuta Spana garini.

Bi Kama alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake niliona ndoo chini ya sinki na matambara yamepangwa sakafuni.

“Karibuni,” alisema. “Sasa chai itabidi nipike upya.”

“Mama, nisamehe.”

“Siku ile niliyopiga nilivaa gauni langu la kijani, nikapika chai ya watu watatu. Nilijua mnakuja, maneno niliyoyasema si nayajua mwenyewe? Ilipofika jioni nikasema labda gari limeharibika. Siku ya pili nikasema, basi, wameufuta.”

“Sikuufuta, mama. Niliushusha chini.”

Alinitazama. Jedwali alilijua kuliko mimi.

“Ukauweka chini ya kidashi,” alisema.

Nililia pale mlangoni mbele ya Spana. Bi Kama alinishika mkono akaniingiza ndani, akanipimia sukari.

Niliurudisha mstari mahali pake siku hiyohiyo, na kwenye safu ya maelezo nikaandika: usishushwe. Mkuu aliuliza kwa nini, nikamweleza, hakuuliza tena.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Koki ya jikoni, yuleyule, peke yake, si haraka, msijisumbue. Jedwali likasema leo. Saa nane tulikuwa mlangoni kwake, naye amevaa gauni la kijani. Mezani palikuwa na vikombe vitatu. Spana aliinama kwenye sinki, akapitisha kidole chini ya koki, kikatoka kikavu.

“Bi Kama, mbona hii koki haina—”

Nilimkanyaga mguu.

“Kama mna nafasi lakini,” Bi Kama alisema, akiangalia dirishani. “Kama hamna, si haraka.”

Spana alinitazama, akamtazama yeye. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa spana kubwa kuliko zote, akaingia chini ya sinki na kuikaza koki isiyovuja kwa dakika ishirini nzima.