Majivu ya Nyumba Sitini na Tatu

Kabura alikuwa mjane mwenye ekari tatu kule juu ambako mashamba ya Nyeri yanagusana na msitu, na mwaka wa sitini na sita alitaka kitu kimoja tu: kibali cha kupanda chai. Majirani wa kulia na kushoto walikwisha kupata. Miche ingegawiwa mvua ikianza, na asiye na kibali angebaki kupalilia viazi akiwatazama wenzake.

Mkaguzi wa udongo alikuja Jumanne, kijana aitwaye Mutahi, mzaliwa wa Othaya, soksi amezivuta hadi magotini. Aliegesha Landrova barabarani, akaingia shambani hatua kumi, akatoboa shimo moja kwa chuma chake. Moja! Akatia udongo kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akatikisa. Maji yakageuka kijani.

"Mama, chai inataka udongo mchachu," alisema. "Huu si mchachu. Miche itakuwa manjano, kisha ife. Shamba halifai."

"Lote?"

"Lote."

Loo! Ekari tatu kuhukumiwa kwa udongo usiojaza hata kijiko! Kabura alilionyesha shimo kwa kidole.

"Hapo umechimba jikoni kwa Waithira," alisema.

Na ni kweli. Wakati wa hali ya hatari, kabla ya uhuru, mkoloni alilichagua shamba hilo kuwa kijiji, bila kumuuliza Kabura wala marehemu mumewe. Watu walifukuzwa makwao, wakasongamanishwa pale, nyumba sitini na tatu upande wa chini, na kulizunguka lote handaki lililochimbwa na akina mama wakisimamiwa kwa bunduki. Miaka mitano watu walipika humo. Majivu waliyamwaga mlangoni, maana kutoka nje ya ua kulikuwa kwa saa maalumu, na aliyechelewa alichapwa. Kisha wakaambiwa haya, rudini kwenu, na Kabura akaachiwa ardhi yake pamoja na majivu ya watu wote, majivu yauayo uchachu wa udongo. Hata pole hakuambiwa.

"Pima huku juu," alimwambia Mutahi. "Huku hakukuwa na nyumba."

"Mama, niko na mashamba manane leo."

"Hata yawe themanini! Hili ni langu."

Hakumbembeleza. Alimwita Waithira, jirani yake tangu siku za kijiji, wakakata vijiti, wakaanza kuvichomeka kila mahali palipokuwa na nyumba, huku wakitaja wenyewe kwa sauti: hapa kwa Ngatia, hapa kwa Watiri, hapa kwa yule mzee aliyekufa akiomba uji. Hawakukosea hata mara moja. Mtu asahau vipi mahali alipofungiwa? Walipomaliza, vijiti vyote vilikuwa upande wa chini. Juu hakukuwa na hata kimoja.

Mutahi aliguna, akapanda juu, akatoboa mashimo matatu. Maji yakawa manjano, rangi ya uchachu, tena manjano, na ya shimo la tatu yakaelekea rangi ya machungwa.

"Ekari moja na nusu ya juu inafaa," alikubali. "Ya chini hapana." Akaandika kwenye fomu, akamsogezea wino atie kidole gumba.

"Nisomee kwanza."

Akasoma: "Sehemu ya chini imekataliwa. Sababu: mwenye shamba ameharibu udongo kwa moto na majivu."

Kabura aliurudisha mkono wake nyuma. "Ati nani?"

"Ni maneno ya fomu tu, mama. Orodha inafungwa kesho. Bila kidole hakuna kibali."

"Dada, weka tu," Waithira alimnong'oneza. "Watoto watasoma kwa pesa gani?"

"Sitaweka kidole kwenye uongo! Handaki lile nililichimba nikiwa mjamzito, na mimba ikatoka humo humo shimoni. Leo niandikwe mimi ndiye niliyeharibu? Chai na ikae!"

"Mama, ile ilikuwa serikali ya mkoloni. Hii ni yetu."

"Kama ni yetu, mbona inaandika kama ile?"

Mutahi alitazama vijiti vile. Kisha akaukata mstari ule kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo, akaandika upya, akasoma kwa sauti ya chini: "Sababu: serikali ilijenga kijiji hapa kwa nguvu."

"Soma tena, Waithira asikie."

Akasoma tena. Ndipo Kabura akatia kidole.

Mutahi alikusanya vichupa vyake polepole. "Kijiji chetu sisi kilijengwa kwenye shamba la baba," alisema. "Mwezi uliopita nalo lilikataliwa. Nililipima mwenyewe."

"Na sababu uliandika nini?"

Mutahi alibeba chuma chake, akaelekea kwenye Landrova.