Santuri Isiyopaswa Kulia Kabla ya Agosti

Saa mbili na robo asubuhi, Edah Nelima amechuchumaa nyuma ya kibanda chake mjini Kitale, anamwagilia chuma maji.

Chuma chenyewe ni kipande cha nondo kilichopigwa ardhini. Kimefungwa waya wa kijani unaopita dirishani hadi kwenye gramafoni iliyo ndani. Ni Februari, mvua haijaonekana tangu Krismasi, na udongo umepasuka kama kisigino cha mkulima.

"Kimeota?" anauliza Kimaiyo, muuza viatu vya mitumba wa kibanda cha pili.

"Bado. Kinangoja mbolea," Edah anamjibu bila kugeuka.

"Ukivuna uniite. Mimi hupenda nondo changa."

Kimaiyo anafanya mzaha, lakini sababu anaijua. Ardhi ikikauka, waya haushiki vizuri, na gramafoni hunguruma ndani ya kompyuta kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ardhi ikilowa, nyuki wanatulia. Edah hakufundishwa hilo na mtu. Aliligundua siku aliyomwaga maji ya kuoshea vyombo mahali pasipofaa.

Leo nyuki hawatakiwi hata mmoja. Kuna santuri moja, ya pekee, yenye ufa, na mwenyewe yuko njiani kutoka Malakisi.

Edah, mwenye umri wa miaka 56, ni fundi wa redio. Ufundi aliupata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa na meza ya kutengeneza redio karibu na stesheni ya reli ya Bungoma. Mume alipofariki, alibeba kisanduku cha vifaa akahamia Kitale, ambako, anasema, watu walikuwa bado hawajamzoea vya kutosha kumkopa.

Kisha simu zikaja na redio zikaanza kutupwa. Kazi ilikuwa karibu kufa pale mwalimu mmoja wa Kapsokwony, Chepngeno, alipomletea santuri kumi na sita za babake, akauliza kama zinaweza kuingia kwa simu.

"Nilisema ndiyo kwanza," anakumbuka Edah. "Halafu nikaenda kutafuta kama inawezekana."

Haikuwezekana upesi. Alichukua waya wa gramafoni akauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu wa saiba, duka la intaneti.

"Sauti ilitoka kama mtu anaimba ndani ya tanki la maji. Tena tanki ya jirani," anasema.

Ilimchukua wiki tatu kujua kwamba sauti ya sindano ni changa mno. Lazima ipite kwanza kwenye kikuza sauti kilichotengenezewa santuri, ndipo iende kwenye kijisanduku cha kunasa sauti, kinachochomekwa kwenye kompyuta pale flashi inapoingia. Kikuza sauti alikitoa kwenye redio kubwa ya baa iliyofungwa. Kijisanduku alikiagiza Nairobi, akapunguza sukari nyumbani mwezi mzima.

Siku hizi hutoza shilingi mia tatu kwa upande mmoja wa santuri. Wiki nzuri huwa na santuri kumi. Wiki mbaya hutengeneza chaja. Na kazi haiharakishwi: wimbo wa dakika tatu hunaswa kwa dakika tatu, hata mteja akikunja uso namna gani.

Januari, Mzee Hiram Wakhungu aliingia kibandani akiwa na sinia mbili zilizofungwa pamoja kwa leso. Kati ya sinia hizo mlikuwa na santuri.

Mzee Hiram ana miaka 81. Alilima tumbaku Malakisi, na ujanani alipiga litungu, kinubi cha Wabukusu, na kuimba na wenzake wawili. Mwaka 1968 walirekodi santuri moja. Upande wa kwanza unamsifu mke wa chifu, na Mzee anasema ulimharibia uhusiano na machifu wawili. Upande wa pili una wimbo wa ukoo wao, ule wa kumtoa kijana mtoni alfajiri ya kutahiriwa, unaotaja majina ya mababu mmoja mmoja.

Wenzake wameshafariki. Yeye mwenyewe alipasuliwa koo miaka miwili iliyopita na sasa hunong'ona tu. Mjukuu wake, Ian, anatahiriwa Agosti hii. Mpwa wake Sifuna ana sauti ya kuongoza, lakini wimbo haujui. Na santuri ina ufa kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Haina mizunguko mingi iliyobaki.

"Maneno naweza kumwandikia," Mzee alimnong'onezea Edah. "Lakini vile sauti inapanda pale kwa jina ya babu yetu, hiyo haiandikwi."

Kisha akatoa sharti. Kwao, wimbo ule hauimbwi nje ya msimu.

"Ukilia Januari utaita vijana na kisu haijanolewa," alisema. "Usitoke kwa spika. Na wewe usiuskie."

"Sasa mzee, nitanasa aje kitu siskii?"

"Hiyo ni kazi ya fundi. Mimi ni mwimbaji."

Fundi mwingine angeitikia, angengoja mzee avuke barabara, kisha angevaa hedifoni. Edah anakiri wazo hilo lilipita, likakaa kidogo, likanywa chai.

"Lakini mimi pia ni Mbukusu," anasema. "Na uso yangu haijui kunyamaza. Angejua tu."

Wakakubaliana hivi: spika zizimwe, Mzee avae hedifoni, maana wimbo ni wake, na Edah aangalie mistari ya kijani inayopanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta. Sindano ikiruka, Mzee ainue kidole.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kibanda cha Edah kina sakafu ya mbao. Mzee aliketi vizuri kwenye kiti, mikono juu ya bakora, mcha Mungu kabisa. Sindano ilipofika kwenye jina la babu, mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu zote za mwaka 1968. Meza ikatikisika, sindano ikaruka na kuvuka nusu ya wimbo.

"Mguu ilianza yenyewe," Mzee alijitetea. "Mimi nilikuwa nimekaa."

Walijaribu tena. Mara hii ilikuwa miguu yote miwili.

Mkewe, Phelista, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, hakuinua hata macho. "Nimeolewa na hiyo miguu miaka hamsini na tano," alisema. "Haijawahi kuniskiza mimi. Ati itaskiza redio?"

Edah alipoitazama santuri kwenye mwanga, aliona ufa umesogea kwa upana wa punje ya wimbi. Akaifunga kwenye sinia zake, akamwambia Mzee arudi nyumbani hadi atakapomwita.

Majirani walimshauri airudishe kazi hiyo. Alichukua msumeno badala yake. Alikata shimo kwenye sakafu, akaweka bamba la zege juu ya udongo wenyewe, na juu ya bamba akalaza tyubu ya pikipiki yenye upepo kidogo. Gramafoni ikakaa juu ya tyubu kama kuku anayeatamia.

Mwenye kibanda, Kiplagat, alikuja kuchukua kodi akaona shimo.

"Unatafuta mafuta?"

"Natafuta kimya," Edah alimjibu. Kiplagat aliondoka na kodi yake pamoja na ahadi ya mbao mpya.

Ili kujaribu, Edah alipiga santuri kuukuu ya kwaya na kumwomba Kimaiyo arukeruke kando akiwa amevaa gambuti. Kimaiyo aliruka mpaka bei za viatu zikaanguka ukutani. Sindano haikujua lolote.

Na leo, saa tatu unusu, Mzee Hiram anafika, Phelista nyuma yake. Edah ameongeza waya wa hedifoni hadi ufike mlangoni. Anaondoa kiti.

"Leo hukai, mzee. Cheza."

Sindano inashuka. Hakuna sauti ila miguu. Mzee anakanyaga, mabega yanatetemeka, midomo inasogea bila neno kutoka. Wateja wawili wa Kimaiyo wamesimama na kiatu kimoja kimoja mkononi, wanamtazama babu anayecheza wimbo ambao haupo. Hakuna anayecheka.

Edah hamtazami. Macho yake yako kwenye mistari. Kila mzunguko, ufa unapiga mwiba mwembamba kwenye kioo. Kisha mistari inaanza kupanda, inapanda, inajaa kioo, na kwa miguu ya Mzee anajua kwamba hapo ni jina.

Sindano inafika mwisho. Kidole cha Mzee hakikuinuka.

"Imeingia?" ananong'ona.

"Imeingia."

Edah anamwonyesha alama moja nene karibu na mwanzo, anasema hiyo nayo ataifuta pamoja na ufa.

"Wacha hiyo," Mzee anasema. "Hapo si ufa. Hapo nilikohoa."

Phelista anaichukua santuri, anairudisha kati ya sinia, na kwa mara ya kwanza anaifunga leso kwa fundo legevu.

Iliyobaki ni kazi ya macho. Miiba ya ufa ni mia moja na thelathini na tano, na Edah ataifuta mmoja baada ya mwingine, spika zikiwa zimezimwa. Sifuna atapewa flashi msimu ukifunguliwa, si siku moja kabla. Baada ya hapo Edah anataka betri kubwa, ili mitambo aipeleke yeye Malakisi na Kapsokwony, badala ya santuri za watu kuvunjikia njiani zikimfuata.

Lakini kwanza Agosti. Ameshaalikwa.

"Nitasimama kando ya njia na wamama wengine," anasema. "Sifuna akifika kwa hiyo jina, nitajua kama sauti imepanda, kwa sababu nimeiona vile inapanda. Isipopanda, nitamwambia arudi mtoni aanze tena."